Uzi Wenye Mafundo Matatu

Mambrui,
mwezi wa tatu wa eda

Salimu wangu,

Assalamu alaykum. Sijui salamu ya aliye hai humfikia vipi aliye kaburini, lakini siwezi kuanza barua bila salamu. Utasema mimi Robo wako nimepoteza adabu tangu uondoke.

Nakuandikia kwenye daftari la ngumbaru, lile la mistari mipana ulilonibebea kutoka Malindi. Mama yako akipita mlangoni anadhani naandaa masomo, nami simwambii kitu. Masomo gani? Darasa langu kule nyuma ya Gongoni halijafunguliwa tangu tukuzike. Wale kina mama walikuwa wamefikia kuandika majina yao. Nasikia mmoja wao bado huenda pale kila Jumanne, akaandika jina lake mchangani kwa kijiti, kisha akarudi zake shambani.

Mimi niko ndani. Chumba chetu kilekile, kitanda kilekile, dirisha lilelile la wavu ambalo ulisema utalipaka rangi. Eda sikuipinga hata siku moja. Nilizaliwa kule bara, Adu, nikasilimu kwa hiari yangu, na eda ni yangu kama ilivyo ya mjane yeyote wa Mambrui. Ina mwisho wake unaojulikana, miezi minne na siku kumi. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonifungia humu, na hilo sikuliona mwisho. Ndilo ninalotaka kukueleza, kwa sababu lilianza mfukoni mwako.

Wiki moja baada ya maziko, mama yako alizichukua nguo zako azitoe sadaka. Kwenye shati la kazi, lile la hoteli lenye kola ya kijani, akakuta uzi wa katani uliokunjwa vizuri, una mafundo matatu. Yalikazwa yakakazika, na kila fundo lilikaa mbali na jenzake. Wewe unamjua Bi Rukia. Mtoto wake ameumwa siku tatu tu na kufa, halafu anakuta uzi wa mafundo katika nguo yake. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Bi Rukia alisema madaktari hawajui kila kitu.

Akaja nao hapa chumbani, ameushika kwa ncha ya kanga usimguse. Akaniuliza kama naujua. Nikamwambia siujui, na kweli sikuujua. Akanitazama sana, kisha akasema, "Mwanangu alikuwa mzima. Huko kwenu Adu mnajua kufunga watu."

Nilinyamaza, Salimu. Mimi, ambaye ulikuwa ukisema ulimi wangu umechukua urefu wote ulioikosa miguu yangu, nilinyamaza.

Tena nilikuwa nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe. Siku chache kabla hujashikwa na homa nilimlalamikia mama yako kwamba kuna mtu anazichezea nguo zangu kambani. Nilianika suruali yangu ya kuvaa chini ya gauni, na blauzi ya mikono mirefu, nikazikuta zimegeuzwa, mishono iko nje. Nilifoka kweli siku hiyo, nikawasingizia majirani. Wewe ulikuwa umekaa pale barazani unamenya chungwa, ukainamisha kichwa, nikadhani umechoka na maneno yangu. Sasa Bi Rukia akakumbuka kisa hicho, akasema nilikuwa natafuta mapema mtu wa kumtwika dhambi yangu.

Mwalimu mmoja, mganga wa kitabu, akamwelekeza aufunge ule uzi pamoja na chumvi na autupe baharini. Alikwenda mwenyewe. Alirudi pindo la buibui limelowa, akaenda kuswali.

Habari zikatoka. Wanawake waliokuwa wakija kukaa nami wakaanza kuja wawiliwawili, kisha mmoja, kisha hakuna. Wa mwisho nilimpa kahawa kwa mkono wangu. Alikiweka kikombe chini, akazungumza habari za mvua, akaondoka bila kukigusa. Niliinywa mimi, ikiwa imeshapoa.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba nami nilianza kuamini. Nilijua mimi sikufanya, lakini nikasema basi yuko aliyefanya. Nikakaa kitandani kutwa nzima nikimshuku kila aliyewahi kukupa mkono. Hivyo ndivyo kukaa ndani na neno moja kunavyomharibu mtu. Na kaka yako alisikika akisema, hapo nyuma ya ukuta, kwamba eda ikiisha nitarudishwa Adu kimyakimya, maana sina mtoto wa kunibakisha hapa. Adu ni kwetu, siikatai. Lakini kurudi kwa mama yangu nikiwa na jina la mchawi aliyemuua mumewe, hilo sikuweza hata kulifikiria hadi mwisho.

Nilichobaki nacho ni kumbukumbu za baiskeli. Unacheka? Tangu unioe, mwaka wa themanini na tano, hukupumzika na baiskeli. Ulinihurumia ninavyotembea saa mbili kwenda darasani na saa mbili kurudi. Ya kwako ilikuwa ndefu, nyeusi, kuipanda ilibidi nisimame juu ya ngazi ya mlango, na kushuka ilikuwa ni kuanguka tu kwa mpango. Ukaniletea ile ya kike. Tukakishusha kiti mpaka kikagota, na bado pedeli ikifika chini mguu wangu unaikosa. Na yale matairi yake membamba kwenye mchanga wa njia ya chumvi, ile ya mashamba ya chumvi kwenda darasani, Mola anajua nilikula mchanga kiasi gani. Ukaleta ya mtoto. Magoti yakagonga usukani, na watoto wa chuo wakanisindikiza kwa vicheko hadi nyumbani. Mwisho ukaipeleka fremu kwa Fundi Kahindi wa Kisumu Ndogo, kule Malindi, akaikata, akaichomelea ikawa fupi. Ilivunjika mbele ya msikiti watu wakitoka Ijumaa. Nilikwambia hapo, basi, Salimu, kimo changu hakijaundiwa baiskeli. Ukaniambia, "Ipo, Robo. Mtu mfupi hayuko mmoja duniani."

Nilidhani umekata tamaa baada ya pale, maana hukulitaja tena.

Sasa sikiliza. Alasiri moja, mwezi wa pili wa eda umeshapita, nikasikia hodi barazani. Ni Fundi Kahindi. Alikuwa amekwenda kwao kulima, aliporudi mjini ndipo akaambiwa kwamba umefariki. Alimwamkia mama yako, akampa pole, akalia kidogo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, siruhusiwi kutoka, nimeshika ukingo wa mlango. Kisha akasema kilichomleta.

Alisema kuna fremu yako kwake. Mtaliano mmoja mwanamke, mgeni wa pale hotelini kwenu, alikuja na baiskeli ya kupandia milima, ya matairi manene, akaiendesha ufukweni kila siku mpaka maji ya chumvi yakala ringi na cheni. Alipokuwa anaondoka hakuitaka tena. Wewe ukamwomba, kwa sababu ulimwona amesimama kando yake na kimo chake ni kimo changu. Bomba la juu limeinama, limekaa chini kabisa. Fundi akasema kwa miaka yote ya ufundi wake hajaona fremu ndogo hivyo ya mtu mzima. Ringi ameshazisuka upya. Imebaki kukata bomba la kiti, kuusogeza usukani na kuzirudisha breki karibu.

Halafu akasema, "Mama, nangoja ule uzi. Aliniambia atauleta."

Bi Rukia akauliza uzi gani. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Fundi akaeleza taratibu, kama anavyomweleza mteja. Ulipima mguu wangu kwenye mshono wa ndani wa suruali yangu, ikiwa kambani, ukapiga fundo. Ukapima mkono wangu kwenye blauzi, ukapiga la pili. Hukutaka nijue mpaka baiskeli iwe tayari. Ulipompelekea, yeye akakwambia kuna jambo umesahau, mwenye mkono mdogo haifikii breki, kapime na kidole. Ndiyo maana uliurudisha nyumbani.

Salimu, nilikaa chini palepale. Nilikumbuka Ijumaa ile, tumetoka kula, ukachukua mkono wangu ukaulaza juu ya wako, kidole cha kati juu ya kidole cha kati. Changu kiliishia kwenye pingili yako ya pili. Ukakitazama hapo kwa muda mrefu. Nilidhani ni mapenzi tu.

Kisha nikamsikia mama yako akisema uzi umepotea. Fundi akasema si neno, naomba mnipimie mwingine, nitangoja.

Bi Rukia akaingia chumbani. Hakunitazama. Alifungua kikapu chake cha ukili, akatoa uzi, akaniambia nisimame ukutani. Akapiga magoti mbele yangu, yeye na goti lake lile bovu, akashikilia ncha ya uzi sakafuni kwa kidole na kuuvuta juu kwenye mguu wangu. Alipofika, akapiga fundo kwa mkono wake mwenyewe. Fundo la kwanza likamfunguka ikabidi alipige tena. Akapima mkono, akapiga la pili. Nikamnyooshea kidole bila kuambiwa, akapiga la tatu. Aliyakaza yakakazika, kama ulivyoyakaza wewe.

Alikaa hapo sakafuni, uzi uko mapajani mwake. Akasema, "Mwanangu alikuwa anakupima." Basi. Hajaniomba radhi mpaka leo, nami sijui kama nimemsamehe. Siku nyingine namsamehe asubuhi na kufikia adhuhuri nimeshaghairi. Nilikuwa nimefiwa nawe, na wakaninyang'anya hata kukulilia, maana kila nilipolia walisema najifanya. Hilo nalisema kwako, yeye simwambii.

Fundi aliileta wiki iliyopita, pamoja na uzi. Mama yako ndiye aliyeisukuma kuiingiza humu, akaisimamisha kati ya kitanda na kabati. Ni ya bluu, imekwaruzwa upande mmoja. Nilibaki kuitazama tu siku mbili nzima, nikiogopa kuigusa. Siku ya tatu akaingia akasema siku zangu za kutoka bado, lakini kukaa juu ya baiskeli si kutoka. Akaishika nyuma kwenye keria. Nikapanda, Salimu. Miguu yangu yote miwili ilikuwa sakafuni, nyayo nzima. Nikanyoosha kidole, nikaifikia breki. Nikaibana na kuiachia, nikaibana na kuiachia, kwenye baiskeli isiyokwenda popote, na mama yako nyuma yangu ameishikilia. Tulilia wote wawili, kila mmoja ametazama mbele.

Sasa nakaa juu yake kila alasiri. Mbele yangu ni ukuta. Naujua kila ufa.

Siku zilizobaki ni chache kuliko zilizopita. Waliobeba habari ya uzi hawajarudi kuisahihisha, wala sitawangoja. Kaka yako anazungumzia gari la kunipeleka Adu. Mama yako amemwambia hapatakuwa na gari, na kwamba siku hiyo mlango ataufungua yeye.

Nakuahidi hivi. Nitatoka kwa mlango wa mbele, mchana, nimevaa ile suruali uliyoipima. Nitapita msikitini, nitapita kwa kila nyumba iliyokiacha kikombe changu, polepole, halafu nitashika njia ya chumvi mpaka darasani. Na jioni nitarudi hapa, kwa sababu hapa ni kwangu. Ule uzi wa mama yako nimeufunga kwenye usukani, mafundo yote matatu yako nje, ayaone anayetaka kuyaona.

Mola akurehemu, mume wangu. Pumzika, usinihofie barabarani.

Mimi wako Robo, miguu imefika chini.