Majaribio ya Boti ya Afande

Mama Shamimu wangu, nakusalimu kutoka Katwe, chumvi mpaka kwenye kope.

Ile safari yetu ya kiangazi, ya kuzunguka Ziwa Edward kwa tanga, bado tunaipanga. Jana jirani yetu Afande Opio aliamuru boti ijaribiwe kwanza kwenye ziwa dogo la chumvi, maana halina viboko. Ikaelea kama bata! Tukapakia magunia ya mihogo, jiko na mbuzi, bado ikaelea. Mama mmoja mvuna chumvi akacheka: "Afande, hii maji ya chumvi inabeba kila kitu. Jaribu kwa ile ziwa kubwa."

"Kimya, raia! Boti iko tayari!"

Leo tumeishusha Ziwa Edward na mizigo ileile. Afande akasimama mbele, akapiga saluti. "Pandisha tanga!" Nikapandisha. Boti ikazama polepole, naye na saluti yake, mpaka maji yakamfika kifuani. Mbuzi alitoroka bila ruhusa.

Sote wazima, mpenzi. Mungu akulinde, nawe uache kuyatafuta yale mapazia ya sebuleni. Ndiyo tanga letu, na ndicho kitu pekee kinachoonekana sasa juu ya maji.

Baba Shamimu