Boneti Yenye Pua

Jumamosi, 3 Mei

Gasketi ya kichwa, siku ya tatu. Injini ya Subaru yangu imelala ubavu kama mlevi, na kila boliti iko mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki. Nimechunika vidole vinne. Oduor hajachunika popote, maana kazi yake leo ilikuwa kuongea. Ni fundi wa kuchomelea hapa Baba Dogo, na sikio lake ni kubwa kuliko karakana nyingi. Husikiliza injini ikinguruma, akataja silinda inayougua. Tangu nimjue hajakosea. Mimi nilijifunza kwa kubomoa.

Mahamri hakuna. Bi Zuhura, anayeyauza langoni, amefiwa na kaka yake, Mzee Athumani. Aligongwa jana alfajiri akienda msikitini. Lori la kiwandani, wanasema. Wamemzika jana hiyo hiyo. Alikuwa akiniita "daktari wa vyuma vikuukuu".

Saa nane akaja Kibe, yule wa Kaloleni tunayekutana naye kiwanjani kila Jumamosi, sisi wenye Subaru. Gari lake jeupe, boneti ya buluu yenye pua, lile tundu la kuvutia hewa ya turbo. Anataka tubadilishane boneti. Leo. Sasa hivi. Yangu ni ya kijivu, bapa kama sinia.

"Yako imebonyea," nikamwambia.

"Niligonga mbuzi tu, buda. Chukua ama nimpe mwingine."

Nikachukua. Gari langu halina turbo. Sasa lina pua, mapafu halina. Nimefurahi kama mtoto.

Kabla hajaiondoa ile yangu nilisoma mara ya mwisho mwandiko wangu upande wa ndani. Miaka sita ya oili, plagi na mikanda, kila tarehe, kwa msumari, na jina langu juu. Nikamwambia aitunze. Hakusikia. Alikuwa ameshakaza boliti mbili.

Jumapili, 4 Mei

Kunyoosha boneti. Gogo chini, nyundo juu, saa tatu hadi saa saba. Huyo mbuzi alikuwa mrefu. Mbonyeo umeanzia ukingoni ukapanda hadi karibu na kioo.

Nilipomaliza nikatia kidole ndani ya pua kutoa uchafu. Nikatoa meno.

Meno mawili ya bandia, kwenye ufizi wa plastiki wa waridi, na waya wake. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu hata yale ya Mungu.

Nimeyaosha kwa petroli. Yako kwenye kopo la boliti. Sijamwambia Oduor.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kutoa pole kwa Bi Zuhura. Majamvi, wanawake, kahawa. Alinishika mkono akanieleza bila kuulizwa.

"Waliomwosha wametafuta meno yake, hawakuyaona. Kazikwa na pengo, mwanangu. Na mtu mwenyewe alivyokuwa akijipenda!"

Meno yalikuwa chumbani kwangu, hatua mia. Nikasema Mungu amrehemu. Nikala tende mbili. Nikaongeza ya tatu. Kumbe mimi ni mtu wa aina hiyo.

Alhamisi, 8 Mei

Mlinzi wa godauni la njia ya msikitini amerudi kutoka kwao Busia, na habari imegeuka. Hakuna lori. Aliona Subaru yenye boneti ya buluu na pua. Taa za gari zilimpofusha, rangi ya bodi hakuishika. Ilimgonga mzee, ikambeba juu, ikasimama. Ikarudi nyuma kwa kasi mpaka akaporomoka. Halafu ikampita juu.

Mlinzi aliondoka na basi la asubuhi ile ile, hajamwambia mtu. Leo amemwambia kila mtu.

Kufikia saa kumi vijana walikuwa wameshapiga mawe Subaru moja ya kijani. Hasira haijui rangi. Dereva ana nyuzi kumi na moja kichwani.

Nimefunika langu kwa turubai. Nikienda polisi: gari langu, boneti yangu, meno kwenye kopo langu, na mbonyeo nimeunyoosha kwa mkono wangu. Mimi mwenyewe nisingeamini.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba boneti naipenda. Naiandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Rangi nyeusi ninayo. Mvua kutwa nzima. Rangi haishiki kwenye maji. Kesho, nikitoka kazini.

Oduor aliniuliza turubai ni ya nini. Nikasema mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika tu.

Zamu ya asubuhi kiwanda cha sabuni, nikatoka saa saba. Kutoka mbali nikaona watu kiwanjani. Katikati yao ile buluu. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, ikang'aa kuliko siku zote.

Oduor ana ufunguo wa akiba. Kazi ya gasketi imekwisha, akataka nikute gari limeshajaribiwa. Alitoa turubai, akaliosha, akalipeleka kiwanjani wenzetu walione. Yaani ni zawadi.

Walimtoa kupitia dirishani. Nilipofika alikuwa chini, na mtu mwenye gambuti akimkanyaga kichwa, polepole, kama anakanda matope ya nyumba. Mwingine ana kipande cha nondo. Kila nondo ikishuka, Oduor anasema "si mimi" kwa sauti ndogo zaidi. Sikio la kushoto lilikuwa limening'inia. Mtu anakuja akiviringisha tairi, hana haraka.

Kibe alikuwa pale. Gari lake jeupe tupu sasa, boneti yangu ameshaipaka rangi. Mikono mifukoni. Anatazama kama mtu anayengoja chai.

Nikapiga kelele. Hakuna aliyesikia. Nikachukua spana ya magurudumu kwenye buti la gari langu, nikapanda juu ya boneti ya buluu, nikaipiga. Nikaipiga mpaka pua ikapasuka. Jiwe likanipata begani. La pili mbavuni. Lakini kelele za bati zilifanya watu wanitazame.

"Si yeye! Hii boneti ni ya Kibe! Tulibadilishana! Fungueni ile nyeupe, mwandiko wangu uko chini yake!"

"Nyinyi ni genge moja!"

"Fungueni kwanza! Mkikosa, tairi nivisheni mimi!"

Mlinzi wa godauni akasema ngojeni. Kwa hilo, namshukuru. Akaenda, akafungua. Upande wa juu mweupe, wa ndani kijivu. Akasoma kwa sauti, kama anasoma matangazo kanisani: jina langu, oili, plagi nne, mkanda, oili, oili. Ya mwisho ya Aprili. Kila mtu alinyamaza kusikiliza oili zangu.

Umati hauombi msamaha. Unageuka tu.

Kibe alikimbia, na njia yake ilipita mbele yangu. "Buda, waambie ilikuwa ajali!"

Spana ilikuwa mkononi. Nilimpiga mara moja, gotini. Nilisikia goti likivunjika. Halafu nikakaa kando nikawaachia.

Sikutazama, lakini masikio hayana kope. Walianza na mawe, wakamalizia na tairi. Gari jeupe liliungua pamoja naye, na miaka sita ya mwandiko wangu.

Mimi nilikuwa nimepakata kichwa cha Oduor. Damu yake ilikuwa moto kuliko nilivyodhani damu huwa.

Jumapili, 11 Mei

Oduor ni mzima. Taya limevunjika, mbavu tatu, sikio limeshonwa. Daktari amealiza vidole karibu na sikio hilo. Oduor hakugeuka.

Nimeandika taarifa kituoni. Kuhusu meno, kweli tupu. Wameyaangalia, wakaandika, wakanirudishia nipeleke kwa wenyewe. Boneti wamebaki nayo. Kuhusu goti sikuandika.

Jumanne, 13 Mei

Nimempelekea Bi Zuhura meno, yamefungwa kwenye kitambaa cheupe kipya. Alifungua, akayatazama sana. Akayafuta kwa ncha ya leso ingawa yalikuwa safi.

"Umeyapata lini?"

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

Alihesabu kwa vidole, bila haraka.

"Basi ile Jumanne ulipokuja ukala tende, ulikuwa nayo."

"Ndiyo, Bi Zuhura."

Hakunipigia kelele. Ningependa anipigie. Alikunja kitambaa mara nne akakitia kifuani, akaniambia niende kwa amani, kwa sauti ile anayotumia kuwaambia wateja kuwa mahamri yamekwisha.

Usiku wa juzi nilijiambia nimemwokoa Oduor. Nilikuwa na siku sita za kumwokoa kwa neno moja.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua imekatika. Nimepata boneti nyingine kwa wauza vyuma chakavu. Ya kijani, bapa, haina pua. Kioo cha mbele, kilichovunjwa siku ile, bado sijapata.

Oduor alikuja kwa miguu, mara ya kwanza. Amekonda. Anaongea kwa meno yaliyofungwa waya, maneno machache, yeye aliyekuwa redio. Alikaa juu ya kreti karibu na bampa. Hajui habari za kopo la boliti. Bi Zuhura hakumwambia, na kila asubuhi humpelekea uji. Mimi mdomo ulifunguka mara mbili, ukajifunga.

Injini ilikuwa inakohoa. Nilishaichunguza jana: plagi ya tatu, imeungua.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Alifumba macho kama zamani. Akainamisha kichwa, akageuza sikio la kulia, akangoja. Nilitazama alama za uzi wa daktari nyuma ya lile jingine.

"Ya nne," akasema. "Upande wa betri."

Nikachukua spana. Nikajipenyeza kando ya betri, nikachunika vidole viwili, nikaitoa ya nne. Nzima kabisa. Nikaisafisha mbele yake, nikairudisha.

"Umeisikia sawasawa," nikasema.

Alitabasamu kadiri waya zilivyomruhusu.

Nikachukua msumari, nikaandika mstari wa kwanza chini ya boneti ya kijani: tarehe, plagi ya nne, Oduor.

Alipoondoka nikabadilisha ya tatu. Hiyo sikuiandika.