Kampungia Ketaki Mkono Kabla ya Mstari

Vasudha, ile sari ya harusi usiipeleke kwa fundi. Nasema usiipeleke!

Ndiyo kwanza tunatoka kwenye mbio, hapa Pune. Mkwe wetu mtarajiwa, Digambar, alipanda farasi ambaye nusu ya uwanja ilikuwa imemwekea dau. Hawakumwekea farasi, shoga. Walimwekea mpandaji, eti ana akili. Akili!

Kwenye kona alimpitisha nje, mbali na tope, wenzake wakabaki wanazama. Hapo nilimpa heko yake. Kumbe nimeharakisha. Mstari wa kumalizia uko pale mbele, bwana harusi anasimama kwenye vikuku vya tandiko na kumpungia binti yangu Ketaki mkono.

Kapunga, Vasudha! Kabla ya mstari!

Farasi alipohisi hatamu zimelegea, naye akalegea. Jike la kijivu likapenya ndani, likampita kwa urefu wa pua tu. Watu wakachana tiketi wakimtukania mama yake, na mimi mkwewe nimesimama papo hapo na chai yangu.

Baadaye akaja kwetu, ameshaoga, ananukia. "Mama, farasi alichoka."

Farasi! Anatembezwa nyuma yake, masikio wima, anataka kukimbia tena!

Nikangoja Ketaki alie. Hakulia. Alivua pete akamwekea kiganjani. "Kupunga ningekusamehe. Lakini siku nyumba yetu ikiyumba, utasema niliyechoka ni mimi."

Jioni mama yake Digambar anakuja kupanga tarehe ya harusi. Atapata chai, bila sukari.