Mliniletea Salamu za Marehemu

Uswidi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo baba. Ipokee shikamoo hii kama zile za siku zote, maana nina hasira, lakini haijafika mahali pa kunifanya nisikuamkie. Barua zangu huanza kwa kuuliza afya zenu, mahindi, na kama lambo bado lina maji. Leo siulizi. Naogopa kujibiwa kwamba hamjambo.

Na wewe Rajabu, mdogo wangu, unayemsomea baba barua hii, nakuomba usiruke hata neno moja. Ukifika pazito, meza mate uendelee. Najua utatamani kuruka.

Jumamosi iliyopita alifika hapa chuoni Yohana wa Mpale, yule ninayefanya naye kazi kwenye kituo cha utafiti wa udongo huko Korogwe. Naye amekuja kwenye mafunzo haya. Nilikwenda kumpokea stesheni ya treni kwa furaha kubwa, maana tangu nije huku sijamwona mtu wa kwetu. Alinipigia kelele toka mbali, "Onga mshi!" salamu ya mchana ya kwetu, nami nikacheka ovyo katikati ya Wazungu wale wasiosalimiana. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie.

"Pole ndugu yangu," akasema. "Pole sana na msiba. Mama alikuwa mtu wa watu. Ofisi nzima tulikuja na lori, tukazika pamoja na wazee."

Nikamuuliza, "Mama wa nani?"

Baba, uso wa Yohana sitausahau. Alinitazama, akatazama sanduku lake, akasema, "Kumbe hukuambiwa! Mungu wangu. Nilidhani umeshalia ukamaliza." Tukakaa kwenye benchi hapo hapo, treni zinakuja, zinaondoka. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, lakini siku hiyo ndiye aliyekuwa ndugu yangu wa kunipa leso. Anasema mama aliugua homa siku chache tu, baada ya kutoka kwenye kazi ya kusafisha shamba la kijiji, na mvua za vuli zilikuwa bado. Sasa mahindi ya vuli huko nadhani mmeshaanza kuyavunja. Mama amelala ardhini msimu mzima, na mimi huku nimemnunulia shali ya sufu nikiwaza baridi ya asubuhi anapokwenda kuteka maji. Ninayo sandukuni. Sijui nimpe nani.

Najua mlivyofikiri. Ni desturi yetu: aliye mbali, asiyeweza kuwahi hata matanga, habebeshwi msiba peke yake. Naisikia hata sauti yako, baba: "Mwacheni asome kwanza. Akirudi tutamkalisha chini tumwambie." Na mwenyekiti wetu wa kijiji bila shaka aliunga mkono, maana ndiye aliyeniaga kwa hotuba ndefu kwamba nakwenda kusoma kwa niaba ya taifa zima. Sawa, nasoma kwa niaba ya taifa. Lakini mama hakuwa wa taifa. Alikuwa wangu.

Mnakumbuka nilivyowaandikia habari za kazi ya huku. Tumekusanywa watafiti wa nchi nyingi, yupo Mhindi, yupo Mmisri, wapo Waghana, na tunafundishwa spektroskopia, yaani namna ya kukijua kitu kwa mwanga wake. Udongo ukitayarishwa ukapelekwa kwenye moto wa mashine, kila madini yaliyomo hutoa rangi zake, wala hayawezi kuazima rangi za mengine. Nilitaka mama aelewe, nikampa mfano wa jikoni kwake: chungu kikifurika, mchuzi wa chumvi ukamwagikia moto, mwali huwa wa manjano. Nikamwandikia, "Mama, hayo uliyokuwa ukiyaona kila siku ndiyo niliyopandishwa ndege kuja kuyasomea."

Ukanijibu, Rajabu: "Mama amecheka mpaka ameshika mbavu. Anasema basi na yeye wampe cheti."

Maneno yale niliwatafsiria wenzangu tukiwa mezani, nao wakacheka, yule Mhindi akasema mama yako ana akili kuliko sisi wote. Nililala kwa raha. Yohana aliponitajia wakati wa mazishi, nilikwenda kuitazama barua yako: uliiandika baada ya kumzika. Nani alicheka, Rajabu? Nakuuliza wewe. Ulikaa na kalamu, ukawaza mama angesema nini, na ukapatia, maana ndivyo angesema hasa, neno kwa neno. Hapo ndipo panaponiuma. Nilimsikia kabisa akicheka, na kumbe nyumba ilikuwa kimya.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu kwenye mashine, kupima udongo wa Handeni niliokuja nao. Mwalimu wetu, mama mmoja mtu mzima, mpole lakini mkali sana kwa usafi, ametukataza kugusa ndani ya vichupa, kwa sababu jasho lina chumvi na mashine huiona. Nilipopima, chumvi ilipanda kupita kiasi. Akaja akaniuliza, "Hukunawa mikono?" Nikamwambia nimenawa. Akanitazama usoni, akaona machozi, akazima mashine mwenyewe, akanivutia kiti. Nililia, baba, mbele ya watu, mimi mtu mzima wa ndevu. Hakuniuliza tena habari za udongo.

Jioni Mmisri wetu aliniswalisha swala ya ghaibu, ya kumwombea maiti aliye mbali, tukasoma Yasini chumbani kwake. Hayo ndiyo matanga yangu. Watu wawili na birika la chai. Kwenu najua ukumbi ulijaa, watu wamelala mikekani mpaka uani, kila mmoja anamkumbusha mwenzake jambo alilolisema mama. Mlilia pamoja, mkapoa pamoja. Mimi naanza leo, na wa kulia naye hayupo.

Nimemuuliza Yohana kama mama aliniita. Hajui, alikuwa nje na wanaume. Nanyi msiniambie aliniita ikiwa hakuniita. Wala msiniambie hakuniita ikiwa aliniita. Kama ni yeye mwenyewe aliyeagiza nisiambiwe, nielezeni alivyosema, nami nitanyamaza kabisa.

Kuna jambo jingine. Walimu wamenichagua nibaki kwa kozi ya pili, mpaka masika ya mwakani. Ni heshima kubwa, na kituo chetu kinauhitaji ujuzi huu. Lakini wewe baba nilikuacha unakohoa. Nikibaki, mtaniandikia "baba hajambo, anakusalimu", nami nitaamini kwa lipi? Hata sasa nakuandikia sijui kama umekaa hapo unanisikiliza, au Rajabu anasoma peke yake.

Nisalimieni shangazi Zaina, dada yako, ambaye naamini ndiye aliyemwosha mama. Mwambieni ahsante, Mungu ampe nguvu. Mpeni pole mjomba Hemedi, amebaki peke yake katika tumbo lao. Msalimieni na balozi wetu wa nyumba kumi, na wote waliobeba jeneza hadi kaburini. Wao walinifanyia kazi yangu.

Rajabu, wewe sikuchukii. Ulitumwa, na ulikuwa unamlilia mama huku unaniandikia vichekesho vyake. Sasa nakutuma mimi. Ukimaliza kusoma, chukua wino, mpake baba dole gumba la mkono wa kulia, alibandike chini ya jibu lenu. Lina kovu la panga katikati, nalijua tangu utotoni. Maneno yake usiniandikie, hata yawe ya kweli. Nikiliona dole hilo, nitawaambia walimu kwamba nabaki. Karatasi ikija bila dole hilo, sitauliza. Nitafunga sanduku nije.

Ni mimi mwanao, ninayeomba niwe bado nina baba,

Athumani