Ambokile, Bado Tunauliza Nani Aliona

Mdogo wangu Ambokile,

Mama tumemzika juzi hapa Lufingo, migombani, pembeni ya kaburi lako. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Unaijua mvua ya kwetu, haiheshimu msiba wala harusi. Nakuandikia nikiwa na hasira na sitaki kukuficha. Kifo cha mama nimekikubali, alikuwa mzee na aliugua. Hasira hii ni ya kifo chako.

Unamkumbuka yule kuku mwekundu tuliyemzika nyuma ya zizi? Ulinizuia nisimfukie. Ulisimama mikono nyuma kama baba mdogo, ukakohoa, ukaanza: "Marehemu aliamka salama, akala pumba, mchana akatokea mwewe." Kisha ukanigeukia kwa sauti nzito ya wazee: "Nani aliona?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka, ulingoja tu. Ilibidi nijibu, "Mimi niliona," ndipo ukaruhusu udongo.

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu hafunikwi mpaka ndugu asimame aeleze alivyougua, alikotibiwa na alivyokata roho, kisha mzee aulize nani aliona, na aliyeona ajitokeze mbele za watu. Hata mlevi aliyeanguka mtoni hupewa heshima hiyo. Wewe uliyevaa magwanda ya serikali ulinyimwa.

Likizo yako ya mwisho ulituletea sabuni, maana wakati ule sabuni ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Mama alikupikia ndizi na maharage, ukala moja kwa moja kwenye sufuria naye akajifanya anakugombeza. Kesho yake tulichuma chai pamoja, na hapo ndipo uliponiambia. "Dada, tunapelekwa vitani ng'ambo ya mpaka. Wanasema kuna ushahidi kwamba waasi wa kule wanajiandaa kutuvamia."

"Ushahidi gani?"

"Sisi hatujaonyeshwa. Tumeambiwa upo."

Ukatupia majani kikapuni ukaendelea na mstari wako. Redio nayo ilisema vivyo hivyo wiki nzima, ushahidi upo, ushahidi upo, na sisi tukaiamini kama tunavyoiamini ikitangaza vifo.

Ulirudi kwenye jeneza lililopigwa misumari, pamoja na bwana mmoja wa suti ya Kaunda aliyekataza lisifunguliwe. Baba mdogo alimkaribisha vizuri. "Ndaga fijo, bwana, ahsante kwa kutuletea mtoto. Sasa simama utueleze. Amekufaje, na hiyo vita ilianzishwa na nini?"

Bwana akasema umekufa kishujaa.

"Ushujaa wake tunaujua, tumemzaa sisi. Huo ushahidi mliousema redioni, nani aliona?"

"Upo, mzee. Ni siri ya taifa."

Wachimba kaburi wakaegemea makoleo yao. Hakuna aliyesogea, tukalowa wote, hata yule bwana na suti yake. Halafu kiongozi mmoja wa chama akamvuta baba mdogo pembeni, wakanong'ona. Baba mdogo alirudi amenywea, akawaambia vijana wafukie. Siku zile ukiuliza sana, unaanza kuulizwa wewe.

Sasa wanatuambia mambo yamebadilika. Kweli yamebadilika. Maduka ya Tukuyu yamejaa, mitumba inatundikwa mpaka kwenye matawi ya miti, magazeti yanawasema wakubwa, vyama vimepeleka bendera zao hadi Nkunga. Soko ni huria, kila kitu kimewekwa nje tukione, isipokuwa sababu ya kukuua wewe. Hiyo bado iko kabatini kwao.

Kwa hiyo tulikwenda, wanawake wa Lufingo na wenzetu wa Nkunga waliorudishiwa majeneza ya misumari kama lako. Mheshimiwa mbunge wetu alikuwa mtaa wa Bagamoyo, pale mjini Tukuyu, akiomba kura. Tukamwomba jambo moja: ushahidi ule uwekwe wazi, tuusome, na waliouona wasimame waseme. Akatabasamu kwenye kipaza sauti. "Asiyejua maana haambiwi maana." Watu wakacheka, na wengine walikuwa majirani zetu, hilo sitalisahau. Mama akainuka na fimbo yake.

"Maana naijua, mheshimiwa. Nilimnyonyesha. Nionyeshe ushahidi."

Kicheko kikakatika. Mheshimiwa akaahidi kulifuatilia, akapata kura, akaenda zake. Tulimfuata kila alipokuja, mpaka dereva wake akawa anatusalimia kwa majina. Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu kabla hajafa, asikie kwa masikio yake ni kwa nini ulipelekwa kule. Hakusikia. Nawachukia kwa hilo, Ambokile, naandika neno hilo huku nikijua mchungaji hatalipenda.

Juzi baba mdogo hakuwa na nguvu ya kusimama, akaniambia nieleze mimi. Nilieleza kifua cha mama, hospitali tuliyompeleka, uji alioukataa mwishoni. Baba mdogo akauliza kutoka kitini pake, "Nani aliona?" Nikajibu, "Mimi niliona." Vijana wakashika makoleo.

Nikawaomba wangoje. Mheshimiwa alikuwa amekuja na rambirambi, amekaa kiti cha mbele chini ya turubai. Nikamwonyesha kaburi lako. "Huyu hapa hajaelezwa. Vita iliyomuua ilianzishwa kwa ushahidi. Nani aliona?"

Akatazama tope kwenye viatu vyake. "Dada, hapa si mahali pake."

"Ndipo mahali pake hasa, mwanangu," baba mdogo akasema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Wale majirani waliocheka kule Bagamoyo walikuwepo, wakamkodolea macho na wao, wakisubiri. Akaaga kabla udongo haujaingia, gari lake likakwama pale kwenye kona ya zizi, na hakuna aliyetoka kulisukuma mpaka tulipomaliza kazi yetu.

Sitakuambia upumzike. Usipumzike, nami sipumziki. Akirudi kuomba kura atatukuta tumekaa mbele, na safari hii tutakuwa wengi zaidi.

Mama amezikwa, mdogo wangu. Wewe tulikufukia tu.

Ni mimi dada yako, niliyemwona yule mwewe.