Tuchukulie Joto Halitoki

Kaka Haruni,

Ni mi, Shabani, mdogo wako ambaye ulisema kichwa chake ni cha kuvalia kofia tu. Kofia bado inakaa vizuri.

Naukumbuka mnara wetu wa kutonesha spiriti. Ambargo, vile vikwazo vya biashara, ilikuwa imefunga mipaka, dispensari ya Kanyosha wanaosha vidonda vya risasi kwa maji ya chumvi kwa kukosa spiriti. Masomo yako université yalikuwa yamesimama, unazunguka uani kama kuku. Ukasimamisha bomba refu, ukalijaza kokoto, chini yake pipa la pombe ya ndizi. Mzee akauliza, majirani wakisikia, tangu lini nyumba ya mahaji inapika kanyanga, pombe ya magendo.

Ukanichorea mistari miwili iliyopinda: wa juu joto lililomo ndani ya mvuke, wa chini joto la kile ambacho bado hakijawa mvuke, kufuatana na wingi wa pombe kwenye maji. Ukasema hesabu hiyo ni ndefu, tufupishe. Tuchukulie maji na pombe vinadai, chembe kwa chembe, joto karibu sawa ili vigeuke mvuke, na bomba halipotezi joto. Mistari ikanyooka, ukatabasamu kama bwana harusi.

Nikapuliza makaa, na hakuna mutu mji huu anayepuliza kama mi. Juu halikutoka tone. Upepo wa ziwa ulipoza bomba, mvuke ukageuka maji njiani na kurudi chini.

"We unachukulia," nikakuambia, "mi naungua."

Ulipasua godoro lako, ukalivika bomba pamba yote. Spiriti ikatoka, ukaiwasha kidogo, ikawaka buluu. Ukawa unalala mkekani.

Makaa yalipokwisha ulienda kuyatafuta mtaa wa Kinama. Risasi zililia huko mchana kutwa. Hukurudi. Nilikutafuta hadi vyumba vya maiti, nikifunua shuka za watoto wa wenzetu.

Sasa Mzee anataka tukuswalie swala ya maiti asiyekuwepo. Mama anakataa, bado anakutengea sahani. Wameniuliza mi, mtoto wa kiume aliyebaki. Naona Mzee naye amefupisha hesabu: akichukulia umekufa, atapata usingizi. Kila mbwa akibweka Mzee anafungua mlango akidhani ni we, kaka, na huko nje wanapiga watu risasi milangoni.

Nimesema tuswali. Tangu hapo Mama hanisemeshi.

Ijumaa nitasimama safu ya mbele, na sitalia, mi si kama we. Kama uko hai popote, njoo unizabe makofi mbele ya msikiti mzima. Sitakimbia.

Mdogo wako