Mawe Manne ya Ukuta wa Mashariki

Harrathwaite, Cumberland
12 Machi 1958

Kaka yangu Wilfred,

Pokea salamu nyingi, wewe na Hilda na watoto. Kifua chako kimepona? Huku kondoo wanajiandaa kuzaa na mvua haikatiki. Ila mimi nina hofu, kaka.

Nyumba inapasuka. Ufa wa juu ya jiko chumbani kwa Mama sasa unaingia vidole vitatu. Kwa nje, ukuta wa mashariki umefura kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Jana tukinywa chai kokoto zilimwagika ndani ya ukuta, nikaangusha birika.

Unajua Mama anakulaumu wewe, tangu ulipotoboa bomba la moshi kuweka jiko la chuma, ukuta ukaanza kupasuka naye akakufukuza. Ufa ulipopanuka alisema ni mkono wako huo, akahamisha kitanda mbali na jiko, akakiegemeza kwenye ukuta wa mashariki, eti ndiko kwenye usalama! Nilimsihi ahamie chumba cha chini, akanicheka: ukuta uliowashinda wavamizi wa Kiskoti enzi zile ndio umwangukie yeye kikongwe?

Jumatatu alikuja Mzee Braithwaite, fundi mawe. Aliugonga ukuta huo kwa nyundo, akatega sikio, akavua kofia. Alisema jiko halina kosa; ukuta ndio unaoachana kwa ndani, na hautamaliza wiki kabla ya kuanguka. Akauliza nani amekata mawe ya kufungia, yale marefu yanayoshika tabaka mbili za ukuta zisiachane. Mama akapaza sauti kutoka dirishani: Wilfred, nani mwingine mharibifu! Na wewe Braithwaite acha kutafuta kazi!

Kaka, ni mimi. Nilitaka kabati ndani ya ukuta huo wa mashariki, la vyombo vyangu vya harusi. Mawe manne yalinizuia, nikamlipa fundi mpita njia ayakate, nikapaka chokaa juu. Siku Mama alipokufukuza nilikuwa nimesimama palepale, sahani mkononi, na sikusema neno. Miaka mitatu! Nisamehe, kama unaweza.

Nimeanza na wewe kwa sababu huwezi kuniona uso. Mama yuko juu amejipumzisha, mgongo ukutani. Hatahama mpaka ajue kuwa ni mimi niliyekata mawe, na kwenye ukuta huohuo anaouegemea, kwa hiyo nikishatia sahihi hapa napanda kumwambia.

Wabusu watoto. Njoo nyumbani, kaka. Mlango utakuwa wazi kwako, hata kama mimi nitakuwa nimefukuzwa.

Dada yako,
Agnes